Mtoto anafanyiwa ukatili: uanzie 116, polisi, hospitali, ustawi wa jamii au serikali ya mtaa?

Tanzania Bara ina milango mitano ambayo mtu wa kawaida anaweza kuibisha akijua au akishuku kwamba mtoto anateswa: simu ya bure 116, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hospitali, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na serikali ya mtaa au kijiji pamoja na kamati yake ya ulinzi wa wanawake na watoto. Kwenye mipango ya serikali yote mitano inafanya kazi kwa pamoja. Kwa mtu aliyesimama uani saa tatu usiku akimsikia mtoto wa nyumba ya pili analia, haifanani hata kidogo. Kila mmoja una kasi yake, nguvu yake na mahali unapokwama. Ukianza na usiofaa, ushahidi unaweza kupotea, au mtoto akarudishwa mikononi mwa yuleyule anayemtesa.

Ninailinganisha hapa kwa ajili ya jirani, shangazi, mwalimu, konda, mama ntilie; wale ambao huona kwanza.

Wajibu wetu hauna utata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya mitaa ya eneo lake. Huhitaji kuwa ndugu, wala kuwa na uthibitisho. Kuthibitisha ni kazi ya wengine. Na ukubwa wa tatizo tunaujua tangu utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka huohuo wa 2009 na matokeo yake kutangazwa 2011: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Majirani walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana kuwa watendaji. Karibu robo tatu ya vijana wote walisema walipigwa vibaya utotoni, kwa ngumi, mateke au mijeledi. Wengi hawakumwambia mtu, na waliopata huduma walikuwa wachache mno.

Mwili umeumizwa: hospitali kwanza

Kama mtoto amebakwa, amelawitiwa, amechomwa au amepigwa akaumia, mlango wa kwanza ni hospitali, na mshindani wako mkubwa ni saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofanya kazi. Mtoto atazimeza kwa siku 28. Kwa msichana aliyekwisha kubalehe, kinga ya dharura ya mimba ina nafasi hadi saa 120. Zaidi ya hapo milango mingine yote iliyobaki haiwezi kurudisha kilichopotea.

Tatizo liko kwenye fomu. PF3, yaani fomu ya polisi namba tatu, hutolewa kituoni na kujazwa na daktari, nayo ndiyo itakayosomwa mahakamani. Kwa kuwa kila mtu ameisikia, familia nyingi hukimbilia kituo cha polisi kwanza, wakakuta foleni, wakaambiwa wasubiri, siku ikaisha. Huduma ya dharura haipaswi kusubiri fomu. Mpeleke mtoto akatibiwe, na mtu mwingine wa familia aende kituoni kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, na PF3. Mkiwa wawili kazi hii inagawanyika vizuri. Ukiwa peke yako, nenda hospitali. PF3 ni bure, na RB ni bure.

Kabla ya kutoka nyumbani kuna mambo ambayo mama yeyote mwenye huruma atatamani kuyafanya, nayo ndiyo yanayoua kesi: kumwogesha mtoto na kumbadilisha nguo. Usimwogeshe. Nguo alizokuwa amevaa usizifue, usizitie kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Zifunge kwenye mfuko wa kaki, au kwenye khanga safi iliyokauka.

Ikiwa uko karibu na hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono, nenda huko hata kama ni mbali kidogo kuliko zahanati. Katika kituo cha namna hiyo, kama kile cha Amana jijini Dar es Salaam, mtoto hukutana na daktari, polisi, afisa ustawi na mnasihi mahali pamoja. Faida yake inazidi kuokoa nauli. Katika njia ya kawaida, mtoto wa miaka minane humweleza mama, halafu bibi, halafu mwenyekiti wa mtaa, halafu askari wa kaunta, halafu askari wa dawati, halafu daktari, halafu mwendesha mashtaka. Kila mara anaulizwa tofauti kidogo, na kila mara anajibu tofauti kidogo, kama ambavyo mtu mzima naye angejibu. Miezi kadhaa baadaye wakili wa mshtakiwa anasimama na kuuliza kwa nini mtoto aliwaambia polisi ilikuwa jioni na mahakamani anasema ilikuwa mchana. Mtoto ananyamaza. Kituo cha mkono kwa mkono kinapunguza idadi ya mara anazosimulia, na kwangu mimi hicho pekee kinatosha kukiweka juu ya njia nyingine zote kwa makosa ya kingono.

Kwa hiyo na wewe uliyeambiwa kwanza, usimhoji. Msikilize, mwambie umemwamini, andika maneno yake kama alivyoyasema, na uishie hapo. Kama alisema "kaniumiza huku", andika hivyohivyo. Usimsaidie kutafuta neno la kisheria.

Dawati la Jinsia na Watoto

Hapa ndipo penye nguvu ya kukamata. Madawati haya yapo zaidi ya 400 nchini, na tofauti yake na kaunta ya kawaida ni kwamba unapaswa kuhudumiwa faraghani na askari aliyepata mafunzo ya kuzungumza na watoto. Ukifika kaunta, sema wazi: "Naomba kuonana na askari wa dawati la jinsia na watoto." Huna haja ya kueleza mkasa wote mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibiwa.

Dawati linashinda njia nyingine pale mtuhumiwa anapoweza kutoroka, pale mtoto yuko kwenye hatari usiku huuhuu, na pale kosa ni la jinai lisilo na mjadala. Sheria iko upande wako. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa msichana aliye chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Mtoto hawezi "kukubali". Na mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli, hivyo askari au ndugu akikwambia "hakuna shahidi mwingine, kesi haina miguu", hilo si jibu la kisheria.

Udhaifu wa dawati ni kwamba linaishia kwenye kosa. Likishamkamata baba anayemlisha mtoto, halina chakula cha kumpa mtoto kesho, wala haliwezi kujua kama mama atafukuzwa na wakwe. Vituo vingine vina askari wa dawati mmoja tu, na akiwa mahakamani unaambiwa urudi. Ukiambiwa hivyo na hatari ni ya leo, usirudi nyumbani. Muombe mkuu wa kituo, au mtafute mkaguzi wa polisi wa kata. Hatari ikiwa inatokea saa hiyo, piga 112.

116 au ofisi ya ustawi?

Hizi mbili watu huzichanganya, na ni rahisi kuona kwa nini, maana simu nyingi za 116 huishia mezani kwa afisa ustawi. Tofauti iko kwenye wewe unayetoa taarifa.

Namba 116 ni ya bure, na inaendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na serikali. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Unaweza kukataa kutaja jina lako. Kwa mpangaji anayeishi chumba cha pili kwa mwenye nyumba anayempiga mtoto wa kazi, hili ni jambo kubwa. Akijulikana atatolewa vitu nje. Kwa mtu asiye na uhakika pia ndiyo njia bora, kwa sababu mnasihi atakusaidia kupima unachokiona: mtoto haendi shule, ana alama mgongoni, anakula akiwa amesimama jikoni, ana miaka kama kumi na moja. Mwisho wa simu utakuwa umejua kama ni ugumu wa maisha, ni utumikishwaji, au ni vyote. (Umri wa chini wa kuajiriwa kwetu ni miaka 14, na hata hapo ni kazi nyepesi isiyomzuia shule.)

Lakini simu haibishi hodi. Mnasihi yuko mbali, na lazima amtafute afisa wa halmashauri yako, ambaye huenda anahudumia kata kadhaa bila usafiri. Ndiyo maana usikate simu kabla ya kuuliza taarifa inapelekwa kwa nani, na baada ya siku mbili tatu piga tena uulize imefika wapi. Toa maelekezo ya kupafika: si "Mbagala", bali mtaa gani, karibu na duka gani, geti la rangi gani. Taarifa nyingi hukwama hapo tu.

Ofisi ya ustawi wa jamii nenda mwenyewe pale unapoweza kujitaja na tatizo ni la muda mrefu: mtoto aliyetelekezwa, mama mgonjwa wa akili, baba mlevi asiyetoa matumizi, yatima anayenyang'anywa alichoachiwa. Afisa ustawi ana kitu ambacho polisi hawana. Anafungua faili la mtoto, anakwenda kuitazama nyumba, anaongea na walimu, na ikibidi anaiomba mahakama amri ya kumtoa mtoto mahali pa hatari na kumweka kwa ndugu mwingine au kwa familia ya kuaminika iliyoandaliwa kwa kazi hiyo. Faili hilo linaishi miaka. Jalada la polisi hufungwa kesi ikiisha. La ustawi linapaswa kumfuata mtoto hadi atulie.

Ni mlango wa polepole, nakiri, na siku ya Ijumaa mchana unaweza kuukuta umefungwa. Kwa jeraha la leo usiutegemee peke yake. Kwa mtoto anayekonda mwezi hadi mwezi, sijaona ulio bora zaidi.

Serikali ya mtaa: karibu kuliko wote, na wa kuuangalia kwa makini

Wengi wetu huanzia kwa mwenyekiti au mtendaji kwa sababu tunawajua, hawahitaji nauli, na sheria yenyewe imewataja. Kwa mambo ya malezi mabaya na kutelekezwa, mara nyingi ni chaguo zuri. Mwenyekiti anamfahamu baba huyo tangu akicheza mpira wa mchangani. Akimwita ofisini mbele ya wajumbe wawili na kumwandikisha ahadi ya ada na chakula, baba husikia.

Chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18 na ambao awamu yake ya pili ilizinduliwa 2024, kila mtaa na kijiji unapaswa kuwa na kamati ya ulinzi. Humo huketi viongozi wa mtaa, mwalimu, mhudumu wa afya, viongozi wa dini, na wawakilishi wa wanawake na wa watoto wenyewe. Kamati iliyo hai ni hazina, kwa kuwa kila mjumbe anaona kipande chake. Mwalimu anajua nani amekosa shule wiki mbili. Mhudumu wa afya anajua nani amekuja na mkono uliovunjika kwa mara ya pili. Sheikh au mchungaji anajua ndoa ipi inaandaliwa kimyakimya. Kila kipande kikikaa peke yake hakisemi kitu. Vikiwekwa juu ya meza moja, picha inatokea, na hakuna afisa wa wilaya anayeweza kuipata hiyo kwa kukaa ofisini. Uliza mtaani kwako kama kamati ipo na wajumbe wake ni akina nani. Kama mtendaji anatafuta majina kwanza, umepata jibu.

Sasa nije kwenye hatari. Kosa likiwa la kingono, ofisi ya mtaa ndipo kesi nyingi zinapozikwa. Mnakaa kwenye benchi, mwenyekiti anasema kwa upole, "Mama, tusikimbilie polisi, hawa ni ndugu zako, mtaishije?" Upande wa mtuhumiwa umekuja na mzee anayeheshimika. Inatajwa fedha ya "matibabu ya mtoto". Kunaandikwa karatasi, watu wanatia sahihi, mhuri unagongwa, na kila mtu anaondoka akidhani jambo limekwisha kisheria.

Halijakwisha. Kesi ya kubaka au kulawiti ni ya Jamhuri, si ya familia, na hakuna mwenyekiti, mtendaji, balozi, wala baraza la wazee lenye mamlaka ya kuisamehe. Karatasi ile haina nguvu ya kuzuia mashtaka; waliotia sahihi wanaweza wenyewe kuulizwa kwa nini walificha kosa. Na mtoto anajifunza siku hiyo kwamba maumivu yake yana bei, na kwamba waliokubaliana bei ni watu wake. Hakuna kinachonikasirisha zaidi katika kazi yote hii.

Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi kuikumbuka: njaa, ada, kutelekezwa, viboko vya kupitiliza vinavyoanza, unaweza kuanzia mtaani. Tendo lolote la kingono, ujauzito wa mwanafunzi, ukeketaji unaopangwa, mtoto anayetaka kuozeshwa, usianzie hapo. Anzia hospitali, polisi au 116, halafu mjulishe mtendaji taarifa ikiwa imeshaandikwa mahali ambapo hawezi kuifuta. Kwa ukeketaji na ndoa kuna sababu ya ziada: siri ikivuja mtaani, binti husafirishwa usiku kwenda kwa ndugu mkoa mwingine.

Shuleni kuna dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, na pale mwalimu wake ni mtu wa kuaminika, watoto humwambia mambo wasiyomwambia mzazi. Mtuhumiwa akiwa mwalimu mwenzake, usiliachie dawati la shule peke yake.

Kwa walio Zanzibar na Kenya

Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na ndiyo iliyotangulia kwa vituo vya mkono kwa mkono, kikianza cha Hospitali ya Mnazi Mmoja. Nafasi ya mwenyekiti wa mtaa huko inashikwa na sheha, na yote niliyosema kuhusu uzuri na hatari ya kuanzia jirani yanamhusu: sheha mwema ni ngao ya watoto wa shehia nzima, na anayependa suluhu kwa kila jambo anaweza kuwa ukuta.

Kenya nako 116 ni simu ya watoto ya bure, na kwa ukatili wa kijinsia ipo pia 1195. Sheria inayotumika sasa ni ya watoto ya mwaka 2022, fomu ya polisi ni P3, na mlango unaolingana na ustawi wetu ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Chifu na wazee wa Nyumba Kumi wako mahali pa mwenyekiti wetu. Kaskazini mashariki, maslaha, yaani vikao vya usuluhishi vya wazee, yamemaliza kesi nyingi za watoto kwa malipo ya mifugo kati ya koo mbili, kinyume cha sheria, na huko ushauri wa kuanzia hospitali na polisi kabla ya wazee unahitajika kuliko popote.

Usiishie mlango mmoja

Popote utakapoanzia, hakikisha ofisi mbili zinajua. Ukianza hospitali, ustawi wajue. Ukianza 116, mwalimu mmoja unayemwamini ajue. Hii si kwa sababu maafisa ni wabaya. Wengi wanafanya kazi kubwa kwa vitendea kazi haba. Ni kwa sababu askari huhamishwa, afisa huenda likizo, faili hubaki kabatini, na taarifa iliyo mahali pawili ni ngumu kupotea. Ni vigumu pia kwa yeyote kuichukulia rushwa akijua kwamba kuna ofisi nyingine itakayouliza.

Andika mambo machache kwenye daftari: tarehe na saa uliyoona au kuambiwa, maneno ya mtoto, jina la afisa uliyemkuta, namba ya RB. Picha za majeraha waachie hospitali na polisi, na picha ya mtoto usiitume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa hata kwa nia ya kuomba msaada. Kuna watoto waliohama shule kwa ajili ya picha, si kwa ajili ya tukio.

Halafu kuna kipindi ambacho ofisi zote tano hudhoofika kwa pamoja, nacho ni miezi ya mahakamani. Kesi inaahirishwa, mama anakosa nauli, ndugu wa mtuhumiwa wanapita jioni na sukari na maneno laini, shahidi anahamia kwa dada yake mkoani. Mashahidi wasipotokea, mwendesha mashtaka hana la kufanya na mshtakiwa anaachiwa. Hapa majirani mnaweza kufanya kile ambacho hakuna ofisi inayokifanya: mmoja akamsindikize mama, mwingine abaki na watoto wadogo, kikundi cha vikoba kichange nauli. Kabla ya kuondoka mahakamani muulizeni karani tarehe inayofuata, iandikeni, na siku hiyohiyo mpigieni afisa ustawi anayeshika faili la mtoto ili naye aiandike.